Siku Nne za Norwei: Kata Ramani Kabla Hujakata Tiketi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nairobi aliniandikia. Mwezi wa Juni ana semina Oslo, waandaaji wanamlipia ndege na hoteli ya siku za semina, naye ameomba kazini aongezewe siku nne za kutembea. "Dada, habari za siku. Niliona ulivyozunguka Norwei, naomba unipitishie macho kwenye hii ratiba kabla sijalipa." Nikaifungua. Oslo, Bergen, Geiranger, lile jabali la Preikestolen, visiwa vya Lofoten, halafu Tromsø "kuona zile taa za kijani za angani". Siku nne hizo hizo.

Sikushangaa. Karibu kila anayeniuliza habari za Norwei huniletea orodha ya namna hiyo, imeokotwa kwenye picha za watu mitandaoni. Kwenye simu nchi inaonekana kama kipande chembamba tu kilichobanana na Uswidi. Sasa sogeza kidole juu, juu zaidi, uone kama inaisha. Oslo hadi Tromsø kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,600. Anayeijua safari ya basi la Dar na Mwanza apige hesabu mwenyewe: ukishafika Mwanza na miguu imevimba, bado una mamia ya kilomita mbele yako. Na hizo taa za kijani, mwezi wa Juni huzioni hata ukeshe, kwa sababu hakuna giza la kuzionea. Tromsø jua halizami tangu mwishoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Julai. Mwenye haja na taa aende kati ya Septemba na Machi. Anayekuuzia taa za kaskazini za Juni anakupiga, tena mchana kweupe.

Nikamjibu: futa. Futa Tromsø, futa Lofoten, futa Geiranger, na hilo jabali nalo liache, liko upande wa Stavanger na kulipanda na kushuka kunakula nusu ya siku, bado hujahesabu kufika huko na kurudi. Bakiza mstari mmoja tu: Oslo, Myrdal, Flåm, Gudvangen, Voss, Bergen. Treni, treni ndogo, boti, basi, treni tena. Kimya. Nadhani alinuna. Juzi ndipo akarudi kuuliza kwa nini, na jibu likawa refu mno kwa ujumbe wa simu, ndiyo maana nimelileta hapa.

Mimi ni mhasibu. Safari hii niliianza kwa kwenda kwa wakala wa safari hapa mjini, ofisi nzuri, kiyoyozi, picha ya mlima ukutani. Nikapewa bei ya paketi. Nikaomba mchanganuo. Yule mhudumu akatabasamu: "Madam, huko ni Ulaya ya kaskazini, hakuendeki kwa kujitegemea." Mtu akikataa kunipa mchanganuo, kwangu kikao kimeisha. Nilirudi nyumbani nikafungua jedwali langu, na usiku baada ya usiku nikawa natafuta kipande kimoja kimoja. Kumbe treni ni hiyo hiyo, boti ni hiyo hiyo, na kila kipande kinauzwa chenyewe kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Tiketi za treni zinazonunuliwa miezi kadhaa kabla ni rahisi mno kuliko za siku ya safari. Nilipomaliza kujumlisha, ile bei ya ofisini ilikuwa imeporomoka karibu nusu. Nililiprinti lile jedwali. Bado ninalo, na wala sioni haya kusema kwamba nimeshawaonyesha watu wengi.

Tulikuwa twende wawili. Rafiki yangu wa miaka mingi, jina namhifadhia. Tulipanga pamoja, viza tukapata, vyumba nikalipia mimi kwa ahadi kwamba angenirudishia nusu yake mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika akaniambia ameghairi. Sababu yake? Kwamba yeye hawezi kwenda Ulaya kubeba mikate kwenye mfuko na kulala kwenye kibanda cha mbao, akifika kule anataka kula hotelini kama watu. Haikutosha kuniambia mimi. Akalipeleka kwenye kundi letu la WhatsApp kama mzaha, "safari ya mikate", na watu wakacheka sana. Vyumba havikurudishiwa hela. Nusu yake sijaiona hadi leo. Nilipoweka picha za safari, alikuwa wa kwanza kuandika "Mashallah, umependeza". Nimesamehe. Ila nimeandika.

Kwa hiyo nikaenda peke yangu, na mikate yangu.

Viza siwezi kuielezea sana, inachosha na masharti yanabadilika. Jua tu kwamba Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ni ile ile, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu mwaka 2024, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Kijana wangu wa semina aangalie jambo moja: idadi ya siku inayoandikwa kwenye stika ya viza. Ukiomba kwa barua ya semina pekee, unaweza kupewa siku zinazokaribiana na semina, halafu zile nne zako ukazisikia redioni. Ratiba ya kutembea iambatanishwe na maombi tangu mwanzo, pamoja na barua ya mwajiri inayotaja likizo.

Koti nililinunua soko la Karume, Dar es Salaam. Makoti mazito ya mitumba pale Ilala hayana wateja, muuzaji akikuona umeshika moja anakufuata mwenyewe. Langu lilikuwa refu, jeusi, halipitishi maji, zipu nzima, kwa bei ambayo Oslo ingeniishia kwenye chai na keki. Nahisi lilikuwa linarudi kwao. Juni si baridi ya kuua, lakini ni nchi ya kuvaa kwa tabaka: ndani fulana, juu sweta, juu koti, ili treni ikipasha joto uvue na boti ikipiga upepo uvae. Dada zangu tunaovaa ushungi, chukueni ule wa kuvaa kichwani bila pini. Kwenye sitaha ya boti niliona mtandio wa mama mmoja ukiondoka zake kuelekea majini, na hakuna aliyeweza kufanya lolote.

Oslo nitapita haraka. Panda juu ya paa la jumba la opera, linatembeleka bure, limeinama hadi kwenye maji. Nenda bustani ya Vigeland, nayo bure. Na ukiwa Mkenya usiondoke bila kuingia Rådhuset, jengo la halmashauri ya jiji, kwa sababu kwenye ukumbi ule ndipo Wangari Maathai alipokabidhiwa Tuzo ya Amani ya Nobel tarehe 10 Desemba 2004. Hakuna kiingilio. Nilisimama pale katikati, ukumbi mtupu, michoro imejaa ukutani, nikajikuta nimenyoosha mgongo. Basi, Oslo imetosha. Watu wanaopoteza siku mbili nzima Oslo kwa sababu hoteli imeshalipiwa hunisikitisha.

Reli ya Oslo hadi Bergen ndiyo safari yenyewe. Ilifunguliwa mwaka 1909 na inachukua karibu masaa saba mwisho hadi mwisho. Masaa ya kwanza ni misitu na maziwa, unaweza kusinzia. Kisha miti inapungua, inakuwa mifupi, inakwisha. Ukifika Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, kituo kilicho juu kuliko vyote katika reli za nchi hiyo, unakuta theluji imelala Juni hiyo hiyo, ziwa limegandia nusu, na watu wanashuka na mabegi ya mgongoni kwa sababu barabara ya gari kufika hapo hakuna kabisa. Treni ilisimama dakika chache, nikashuka na kandambili za ndani nilizokuwa nimebadilisha behewani, nikashika theluji kwa mkono. Kondakta alinitazama miguu, akacheka, akanionyesha saa.

Myrdal unabadilisha. Pale si mji, ni jukwaa la treni lililobandikwa mlimani, na upande wa pili inakungoja treni ya kijani ya Flåm. Njia yake ni kilomita 20 tu, lakini inateremka zaidi ya mita 860 hadi kwenye maji ya bahari, kwa karibu saa nzima. Inapita mahandaki 20, na 18 kati ya hayo yalichimbwa kwa mikono. Kazi ilianza miaka ya 1920 na treni ya kwanza ikapita mwaka 1940. Ukikaa dirishani unaiona reli yenyewe chini yako, mahali ambapo utapita baada ya dakika chache, na unajiuliza mtu aliyeipima alikuwa amefungwa na kamba gani.

Katikati ya mteremko treni inasimama Kjosfossen, maporomoko ya maji. Wote tukashuka kwenye jukwaa la mbao lililolowa. Maji yanaanguka kwa kelele hata huwezi kusikizana na jirani yako, mvuke unakupiga usoni, miwani yangu ikaingia ukungu. Mara muziki. Juu kwenye magofu kando ya maji akatokea mwanamke mwenye nywele ndefu na gauni jekundu, akawa anacheza polepole na mikono juu. Akatoweka. Sekunde hiyo hiyo akatokea mahali pengine kabisa, chini zaidi. Wazungu wanapiga picha, mimi nimeshika bomba la jukwaa. Sisi watu wa Tanga habari za majini hatufundishwi. Baadaye nikaambiwa ni huldra, mwanamke wa msituni katika hadithi zao, anayevuta wanaume kwa uzuri na nyuma ana mkia wa ng'ombe, na wanaoigiza ni wanafunzi wa dansi, wakati wa kiangazi tu. Sawa. Ayatul Kursiyu nilikuwa nimeshaimaliza.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafika Flåm saa saba mchana, wanakuta meli kubwa ya watalii imetia nanga, watu wamejaa kwenye maduka ya sumaku za friji, wanapanda boti ya kwanza wanaondoka. Flåm ni kijiji cha watu mia chache. Lala hapo usiku mmoja. Jioni meli inapoondoka, kijiji kinabaki na mbuzi, mto na mlima. Mimi nililala kwenye kibanda cha mbao kambini, kile kile alichokikataa mwenzangu. Vibanda hivi mara nyingi mashuka hulipiwa mbali. Mimi nilibeba shuka zangu na kanga ya kujifunikia, nikaokoa hela ya chakula cha siku mbili. Jambo la kuzoea ni mwanga. Saa tano usiku unasoma kitabu nje bila taa. Kwa Waislamu wenzangu, ratiba ya Isha na Alfajiri ya Juni huko itawachanganya, zinakaribia kushikana; mimi nilijumuisha kama msafiri, nikajifunga mtandio machoni, nikalala.

Na ukilala Flåm unapata asubuhi ya kupanda basi kwenda Stegastein, ule ukumbi wa mbao unaochomoza nje ya mlima mita 650 juu ya maji, mwisho wake umefungwa kwa kioo tu. Nilisogea hatua kwa hatua. Kijana mmoja akaniambia kwa Kiingereza niegemee kile kioo kwa ajili ya picha. Nikamwambia picha nitapigwa hapa hapa nilipo, ahsante.

Boti ya kutoka Flåm hadi Gudvangen inachukua kama masaa mawili. Inapita kwanza Aurlandsfjord, kisha inakata kona kuingia Nærøyfjord. Fyordi ni mkono wa bahari ulioingia ndani kabisa ya milima, kwenye bonde lililochimbwa na barafu zama za kale; hizi mbili ni vidole vya Sognefjord, ndefu kuliko zote Norwei, zaidi ya kilomita 200, na kina chake kinapita mita 1,300. Nærøyfjord iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2005. Mahali pake pembamba ni mita 250 tu, kuta za mlima zimesimama pande zote mbili, na maji ya theluji yanashuka kama nyuzi nyeupe kila unapogeuka. Boti niliyopanda ilikuwa ya umeme. Hakuna ngurumo wala moshi. Watu wazima, wa mataifa yote yale, walikuwa wanaongea kwa kunong'ona bila kuambiwa.

Nilikuwa na mkate wangu na jibini la kahawia, brunost wanaliita. Linakatwa vipande vyembamba kwa kisu chao maalum, ladha yake kama maziwa yaliyochemshwa na sukari mpaka yakaanza kushika sufuria. Nikala nimeegemea reli ya boti, koti la Karume limefungwa hadi kidevuni. Nikamkumbuka mwenzangu. Siyo kwa ubaya.

Niseme hapa neno ambalo halitawapendeza wengine. Wabongo tunasafiri kwa ajili ya watu waliobaki. Mtu anahesabu nchi, anahesabu miji, anataka picha kumi za sehemu kumi, akirudi ukimuuliza ulikula nini, anga lilikuwaje, hakumbuki, kwa sababu alikuwa anakimbilia basi. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, tuliimbishwa tangu darasa la tatu, lakini ukimkatia mtu ratiba ananuna. Hela yako ni ya jasho. Norwei inaitafuna bila huruma: krone moja inacheza kwenye shilingi 250 za Tanzania, kikombe cha kahawa kituoni ni kama krone 50, na sahani moja ya kawaida mgahawani ni krone 250 kwenda juu. Fanya hesabu kabla hujaanza kumcheka mwenye mkate.

Ndiyo maana nasema beba mkate. Maduka ni Kiwi, Rema 1000 na Coop Extra. Nunua Jumamosi mapema kwa sababu Jumapili mengi yanafungwa. Maji ni ya bomba, safi, usinunue chupa. Ukinunua soda, chupa tupu irudishe dukani kwenye mashine, inakupa krone mbili au tatu. Wenyewe wanarudisha, na wewe rudisha. Oslo, nenda mtaa wa Grønland, nyuma tu ya stesheni kuu, kuna migahawa ya Wasomali na Wapakistani, chakula halali, wali wa maana, na bei ya kupumulia. Kutoka uwanja wa ndege wa Gardermoen kuna treni mbili za kuja mjini, ya haraka na ya kawaida. Zinatofautiana dakika chache tu, lakini ya haraka bei yake inakaribia mara mbili. Panda ya kawaida.

Kutoka Gudvangen basi linakupeleka Voss kama saa moja, na kutoka Voss treni inakufikisha Bergen kwa saa moja na ushei. Bergen ni mvua. Siyo mvua ya msimu, mvua ya kila wakati, siku zaidi ya 200 kwa mwaka, imezungukwa na milima inayoyakamata mawingu yote ya bahari. Nilifika inanyesha na nikaondoka inanyesha. Zile nyumba za mbao za Bryggen, za wafanyabiashara wa Kijerumani waliokuja kununua samaki wakavu, ziliungua mwaka 1702 na kujengwa upya kwa ramani ile ile ya zamani. Ingia kwenye vichochoro vya nyuma, mbao zimeinama huku na huku na zinanuka lami. Soko la samaki litazame, usile, labda uwe umelipiwa na semina. Kwenda juu ya mlima Fløyen panda kile kigari cha reli, kushuka teremka kwa miguu, ni bure na ni msitu mtupu.

Sasa kijana wangu, ratiba yako ni hii. Siku ya kwanza, treni ya asubuhi kutoka Oslo, ulale Flåm. Siku ya pili, Stegastein asubuhi, boti ya mchana, ulale Voss au Bergen. Siku ya tatu, Bergen na mwavuli usio wa kukunja, maana wa kukunja upepo utaupindua. Siku ya nne, rudi Oslo, na kama hela inabana kuna treni ya usiku inayokuokolea chumba. Mapema kabisa nunua treni, kisha boti, vyumba vya Flåm navyo usichelewe kwa sababu ni vichache. Kabla ya kuondoka Nairobi pigia benki yako wakufungulie kadi kwa malipo ya nje, kwa kuwa huko hela taslimu karibu hakuna anayeishika. Na tafadhali, angalia matangazo ya reli: wakati wa kiangazi kuna siku kipande cha njia ya Bergen hufungwa kwa matengenezo na abiria wanahamishiwa kwenye mabasi, safari inarefuka. Zitazame tarehe hizo kabla hujalipia boti, kwa sababu boti haikusubiri.